Komamanga: ule punje, ukamue juisi au utupie kwenye kachumbari? Nimejaribu zote hapa Tabora

Ijumaa ile mvua ya kwanza ya maana ilipiga usiku, ile yenye upepo na kelele kwenye bati mpaka hamsikilizani ndani, na asubuhi yake bibi jirani yetu wa hapa Isevya akanigongea mlango kabla hata sijawasha jiko, mkononi ana ndoo ya lita kumi imejaa makomamanga. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, haya pokea, mti umekunywa maji. Mi sikuelewa maana yake mpaka aliponionesha moja lililopasuka ubavuni kama kiatu kilichochoka. Kumbe mkomamanga ukikaa kiangazi kizima unavumilia jua halafu ghafla ukapata maji mengi, tunda linajaa ndani haraka kuliko ganda linavyoweza kutanuka, linapasuka, na likishapasuka haipiti siku mbili nyuki na sisimizi washafanya mkutano humo. Kwahiyo alikuwa ameyachuma yote alfajiri, makubwa kwa madogo, na mgao wangu ndo ule.

Sasa wiki hiyo hiyo, shemeji yangu kashuka na treni kutoka Dar na zawadi zake, na humo kwenye mfuko kuna makomamanga manne makubwa mekundu, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, kila moja na kastika kake kanakosema limetoka Misri. Bei aliyonitajia sitaiandika hapa maana mama mkwe anasoma, ila ujue kwa hela ya moja tu hapa sokoni kwetu msimu wa maembe unabeba mpaka unalalamika mgongo.

Nikajikuta na aina mbili za komamanga kwenye meza moja, na nyumba yenye watu wa kila umri, nikasema basi ngoja niache kubishana na watu kuhusu ipi njia nzuri ya kulila hili tunda, nijaribu zote niseme mwenyewe. Wiki nzima vidole vyangu vilikuwa na rangi kama nimetoka kuchinja.

Kwanza tuziweke hizo aina mbili za komamanga pamoja

La bibi ni dogo, ukubwa wa ngumi ya mwanamke, ganda la njano lenye mabaka ya kahawia, ukilikuta barabarani unaweza kulipita. Ndani punje zake ni za pinki hafifu, nyingine karibu nyeupe, kijiwe cha kati kigumu kidogo, na ukali wake ni ule wa kukufanya ufumbe jicho moja. La Misri ni kubwa, jekundu nje na ndani, punje nono za rangi ya damu, kijiwe laini unakitafuna bila kufikiria, na utamu umenyooka tu, hauna mambo mengi.

Wengi wakiona ganda la njano wanasema halijaiva. Sio kweli, rangi ya ganda inategemea aina, kuna makomamanga ya njano yaliyoiva mpaka basi na kuna mekundu mabichi. Mi saivi naangalia vitu vitatu. Kwanza uzito, lishike, linatakiwa lizidi unavyolitegemea kwa ukubwa wake, maana uzito ndo maji. Pili umbo, likiwa bichi ni la mviringo kama mpira, likiiva punje zinalisukuma ganda kwa ndani na lile duara linaanza kuwa na pembe pembe na mabapa. Tatu bibi kanifundisha kuligonga na kucha, lililoiva linalia kama kitu cha chuma, bichi linalia bubu.

Na hili ndo la kushika kuliko yote, komamanga haliivi baada ya kuchumwa. Sio embe hili, sio ndizi. Mwaka juzi niliuziwa matatu mabichi sokoni, mwenye meza akaniapia kabisa dada haya weka ndani siku tatu utanishukuru, mi nikayafukia kwenye ndoo ya unga kama tunavyofanya maparachichi, wiki nzima. Nilichokuta ni makomamanga matatu yaliyojikunja sura kama yanataka kulia na ndani makali vile vile, halafu unga nao ukaanza kunuka unyevu. Kwahiyo kama halijaiva mkononi mwa muuzaji, halitaiva kwako, liache hapo hapo.

Kulifungua, maana hapa ndo watu wengi wanakata tamaa

Karibu nusu ya uzito wa komamanga ni ganda na zile kuta nyeupe za ndani, na zile kuta nyeupe ni chungu, zina ile kitu ya kukausha ulimi kama chai iliyochacha kwenye chupa. Kazi yote ya kulifungua ni kutenganisha punje na huo weupe.

Mume wangu njia yake ni kisu, pasu katikati kama chungwa, matokeo yake meza inaonekana kama kuna kesi. Shemeji, kajifunza Dar, anapasua nusu kwa nusu halafu analigeuza juu ya bakuli na kulipiga mgongoni na mwiko, tap tap tap, punje zinadondoka. Inafanya kazi, kwa yale makubwa ya Misri ni dakika mbili umemaliza, ila kwa haya madogo ya bibi punje zimeng'ang'ania utafikiri zimelipiwa kodi, unapiga mpaka ganda linapasuka na juisi inakurukia shingoni.

Bibi yeye hana haraka. Alikaa kwenye kigoda, akakata kile kitaji cha juu kwa kisu kidogo, kwa duara, bila kuingia ndani. Halafu akachora ganda kutoka juu mpaka chini kwa kufuata zile pembe, mistari kama mitano hivi, kwa juu juu tu. Akaingiza vidole gumba viwili pale juu akalifungua, likafunguka lenyewe kama ua, kila kipande na punje zake, wala tone halikudondoka. Akaviweka vipande kwenye beseni la maji akawa anazikwanyua punje humo humo majini, punje zikazama chini, vile vingozi vyeupe vikaelea juu, akavikusanya kwa kiganja akatupa. Punje moja iliruka ikaangukia mkekani, akaiokota, akaisuuza, akaila. Nikacheka, akaniambia wazee walituambia kwenye kila komamanga kuna punje moja ya peponi, sasa wewe unajua ni ipi? Na kweli kwenye Qur'ani limetajwa, Sura Ar-Rahman aya ya 68 pamoja na mtende, na sisi wa kanisani tunalikuta kwenye Hesabu 13:23, wale wapelelezi wa Musa walirudi na zabibu, makomamanga na tini. Sasa tunda lina heshima zote hizo, we unalipasua na panga.

Njia ya maji ndo ninayoifuata sasa. Vaa nguo ya jikoni tu, maana doa la komamanga kwenye nguo nyeupe likishakauka mmeshakuwa familia. Kanzu ya mume wa jirani yangu mwingine ni shahidi.

Punje tupu dhidi ya juisi

Hapa ndo ubishi mkubwa, kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Kula punje kama zilivyo kuna raha yake ambayo huwezi kuihamishia kwenye glasi. Unachota kijiko, unauma, zinapasuka zote kwa pamoja, kwanza utamu, halafu ukali, halafu unabaki na kale kakijiwe unakatafuna au unakatema, chaguo lako. Watoto wangu wameambiwa huko shule na wenzao kwamba ukimeza hizo mbegu zinakaa kwenye kidole tumbo. Mbegu zinaliwa, wala hazina sumu, na ukizitafuna ndo unapata zile nyuzinyuzi za kusaidia choo. Kwa gramu 100 za punje, ambazo ni kama kikombe cha chai kisichojaa sana, kuna karibu gramu 4 za nyuzinyuzi na gramu 14 hivi za sukari. Ila usile bakuli la ujazo wa ugali wa watu wanne kwa mkao mmoja ukategemea tumbo likushukuru.

Juisi sasa. Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo nina uhakika nusu ya watu wanalifanya, nikamwaga punje zote za makomamanga sita ya bibi kwenye blenda nikaiachia iungurume kama nasaga karanga. Juisi ilitoka na rangi ya udongo, chungu, inakwaruza koo, nikaongeza sukari, ikawa chungu yenye sukari. Sababu ni kwamba blenda ilisaga vile vijiwe, na ule uchungu umo kwenye vijiwe na kwenye vingozi nilivyovisahau. Siku ya pili nikabonyeza na kuachia tu, sekunde moja moja, mara nne basi, punje zinapasuka vijiwe vinabaki vizima, nikachuja kwa chujio la chai huku nakandamiza na kijiko. Tofauti yake ni kama usiku na mchana. Kama umeme umekatika, tia punje kwenye mfuko safi wa nailoni, ufunge, viringisha chupa juu yake kama unasukuma chapati, kisha chuja. Na ile ya kitoto ipo pia, unaliminya komamanga zima taratibu mkononi mpaka unasikia punje zinapasuka ndani na ganda linalegea, unatoboa tundu dogo, unanyonya. Hii ukikosea ukaminya kwa hasira linapasukia kifuani.

Tatizo la juisi ni hesabu. Komamanga la wastani linakupa kama nusu kikombe cha juisi, kwahiyo glasi moja tu inakula matunda mawili mpaka matatu. Yale manne ya shemeji ningeyakamua yote tungepata glasi mbili, watu sita tunaangaliana. Halafu ukishachuja nyuzinyuzi zote umezitupa kwenye chujio, kinachobaki kwenye glasi ya mililita 250 ni kama gramu 30 za sukari ya tunda, vijiko saba vinane vya chai, inaingia mwilini kwa mara moja bila breki. Kwa mtu mwenye kisukari hilo sio jambo dogo, mama mkwe wangu tumekubaliana anakula punje vijiko vichache, glasi hapana. Na wale wa presha, kuna tafiti zilizoona juisi ya komamanga inashusha presha kidogo, ndo maana kama uko kwenye dawa usianze kunywa kila siku kienyeji, muulize kwanza daktari anayekuandikia dawa.

Ila juisi inashinda sehemu mbili bila ubishi. Moja ni kwa asiye na meno. Bibi mwenyewe mwenye mti ana meno ya kuhesabu, punje hazimfai, na mtoto mdogo ambaye bado hajui kutafuna vizuri usimpe punje nzima zinaweza kumpalia, mkamulie. Pili ni kwa makomamanga makali. Yale madogo ya njano ukila punje zake tupu unachoka kwenye kijiko cha tatu, meno yanakufa ganzi, lakini ukiyakamua, ukatia maji nusu kwa nusu na kijiko cha asali, hapo unapata kitu. Na hapa Tabora asali sio ya kutafuta, kila nyumba ina chupa imejificha mahali. Nilijaribu na asali ya kawaida nikajaribu na ile ya nyuki wadogo, hii ya nyuki wadogo ni nyepesi na ina ukali wake yenyewe kwahiyo ikikutana na komamanga kali inakuwa ukali juu ya ukali, mi nikaona ya nyuki wakubwa inafaa zaidi. Shemeji alikataa, alisema ya nyuki wadogo ndo tamu. Tukaachana hivyo hivyo. Tahadhari moja tu, mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa.

Na yale ya Misri kuyakamua mi naona ni kuyaonea. Tunda tamu vile, kijiwe laini vile, unalipeleka kwenye chujio la nini?

Kachumbari, hii sikuitegemea

Kwakweli hii nilijaribu kwa utani. Jumapili tulikuwa na migebuka iliyoletwa na mtu kutoka Kigoma, nikaikaanga, ugali wa muhogo pembeni, nikaenda kukata kachumbari nikakuta ndimu zimeisha. Nyanya zipo, kitunguu kipo, pilipili ipo, tango nusu. Nikatazama lile beseni la punje za bibi, zile kali, nikachota kama viganja viwili nikamwaga, chumvi kidogo, nikachanganya.

Aisee. Ule ukali uliokuwa unanishinda mdomoni ukageuka kuwa ndo kitu kilichokosekana. Ndimu inatia ukali kila mahali sawasawa, komamanga linautia kwa vipande, unakula samaki unakula samaki halafu pah, punje imepasuka, mafuta ya samaki yanakatika, unaendelea. Mume wangu ambaye akisikia tunda kwenye chakula cha chumvi anakunja uso, alikula kimya, na kwa mtu wa aina yake kimya ndo pongezi.

Nikarudia Jumatatu nikatumia punje tamu za Misri. Haikuwa mbaya ila ilikuwa kama mtu kamwaga pipi kwenye nyanya, mpaka nikatafuta ndimu kwa jirani kuirudisha kwenye mstari. Kwahiyo kwenye kachumbari makali yanashinda kwa mbali, na hii ndo sababu mi saivi yale makomamanga madogo niliyokuwa nayadharau nayaona ndo ya thamani. Punje weka mwisho kabisa wakati watu wameshanawa, ukiziweka mapema zinatoa maji na rangi, kachumbari nzima inakuwa ya pinki.

Na maharage pia yanapatana nayo, na hapo kuna faida ya ziada, vitamini C ya kwenye matunda inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Punje hazina vitamini C nyingi, miligramu 10 hivi kwa gramu 100, ila nyanya na pilipili zinaongezea.

Mtindi

Hii fupi. Bakuli la mtindi mzito, punje za Misri juu, karanga za kukaanga zilizopondwa kidogo, asali kama unataka. Watoto walimaliza kabla sijapata la kwangu. Punje kali hapa hapana, mtindi una ukali wake tayari, wakikutana wawili hao hakuna wa kuamua ugomvi. Kama unatafuta njia ya kufanya komamanga moja la bei litoshe watu wanne, ndo hii, kila mtu anapata vijiko vitatu vinne juu ya mtindi wake na anaona amekula komamanga.

Kuchemsha rojo na kuanika

Wairani na Waarabu wanaichemsha juisi ya komamanga mpaka inakuwa nzito nyeusi kama asali ya zamani, wanatia kwenye mchuzi wa kuku au nyama, na Wahindi wanazianika punje kali zikauke wanazitumia kama kiungo cha ukali. Nilijaribu kuchemsha glasi tatu za juisi kwa moto mdogo, nikapata vijiko vichache vya rojo na nikachoma mkaa wa kupikia maharage. Ladha ni nzuri sana, siwezi kusema uongo, niliipaka kwenye kuku wa kienyeji akiwa jikoni ikashika ganda la kung'aa. Lakini hii ni kazi ya mwenye mti uani. Kununua makomamanga dukani ili uyachemshe yawe vijiko vitatu, labda kama una harusi. Kuanika nako kulinishinda, mvua ilikuwa imeshaanza, siku ya pili zikaota ukungu nikampa kuku. Ningekuwa nimepata matunda kiangazi, Agosti na lile jua la Tabora, ingekuwa hadithi nyingine.

Hili la kuongeza damu

Hapa nitawaudhi watu. Kila mtu aliyeniona na ile ndoo aliniambia hiyo kitu inaongeza damu, mmoja ana mjamzito ndani akaomba manne kwa ajili hiyo, nikampa, tunda ni tunda. Lakini tusidanganyane kwa sababu ya rangi. Gramu 100 za punje zina kama miligramu 0.3 za madini ya chuma, basi. Mama mjamzito anahitaji karibu miligramu 27 kwa siku. Ukitaka uzipate zote kwenye komamanga utakula kilo tisa za punje kwa siku, punje, sio matunda na maganda yake. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zinakupa kama miligramu 6. Kwahiyo mama ale komamanga kwa sababu ni tamu na lina maji na lina faida zake, ila vile vidonge vya damu alivyopewa kliniki aendelee kuvimeza, asivifiche chini ya godoro kisa ana juisi nyekundu kwenye jagi. Nilimwambia huyo dada hivyo hivyo, akacheka, akasema shoga we una maneno, akaondoka na makomamanga yake.

Maganda nayo yana watu wake. Wanayakausha, wanayachemsha, wanakunywa maji yake tumbo likiharisha. Ule ukavu wake unatokana na kitu kile kile kinachotumika kutengenezea ngozi za wanyama zisioze, na kweli maganda ya komamanga yametumika tangu zamani kutengeneza ngozi na kutia nguo rangi ya njano. Mi sijayanywa. Na magome ya mizizi ndo kabisaa msiyachezee, yalikuwa dawa ya minyoo tegu enzi hizo lakini yana sumu yake ukizidisha, na mjamzito asisogee.

Halafu kitu kimoja nilikisoma nikakipeleka mbio kwa bibi, kwamba mkomamanga na mhina ni miti ya ukoo mmoja kwa wataalamu wa mimea. Hapo uani kwake viko hatua tatu kimoja kutoka kingine. Akaangalia kucha zake zenye hina, akaangalia mti, akasema ndo maana vyote vinaganda kwenye vidole.

Kuyatunza ili usilazimike kula yote wiki moja

Zima zima halina shida, kwenye rafu penye kivuli linakaa wiki moja mbili, kwenye friji linaweza kufika miezi miwili, ganda litakauka na kuwa gumu kama kibuyu ila ndani liko vizuri. Lililopasuka hilo ni la leo. Punje ulizoshazitoa zikaushe maji, zifunge kwenye kopo, friji siku tano hivi, zikianza kuteleza na kunuka kama togwa zimekwenda. Freza unaweka miezi, zikiyeyuka zinalegea hazina tena ule mpasuko kwahiyo hizo ni za juisi au mtindi, sio za kula tupu.

Kwahiyo ukiniuliza ninunue lipi nile vipi, mi nitakuuliza kwanza uko na lipi mkononi na anayekula ni nani. Umeletewa makubwa mekundu na una meno yako, kaa chini, bakuli, kijiko, punje tupu, na yakiwa machache na watu ni wengi basi mtindi. Una ndoo ya madogo makali, fungu la kwanza kachumbari, linalobaki juisi na asali, na mgonjwa wa sukari mpe vijiko vya punje sio glasi. Una hela ya komamanga moja tu na unataka kushiba, nunua maembe, yameshaanza kuingia.

Maana mi mwenyewe ndo nilichofanya. Ndoo ya watu hairudi tupu, jana jioni nimemrudishia bibi ndoo yake na maembe nane ndani na chupa ya maji ya lita moja niliyoijaza juisi ya makomamanga yake mwenyewe, ile ya nusu kwa nusu na asali. Akafungua hapo hapo mlangoni, akamimina kwenye kifuniko, akaonja. Akakaa nayo mdomoni kidogo. Hii, akasema, umetia maji mengi mjukuu wangu. Halafu akaingia nayo ndani akafunga mlango.